Straipa Akirudishwa Majini: Hesabu ya Samaki Wanaoachiwa

Mwaka 2017 wavuvi wa burudani katika pwani ya mashariki ya Marekani walivua na kuachia samaki aina ya straipa wanaokadiriwa kufika milioni 38. Karibu kila aliyeachia aliondoka ufukweni akiamini kwamba samaki wake amerudi kuishi. Wataalamu waliokaa na takwimu za mwaka huo walipata jibu jingine: takriban milioni 3.4 ya samaki hao walikufa baadaye. Waliovuliwa na wavuvi hao hao wakaishia jikoni hawakufika milioni 3.

Ukigawanya vifo vyote vya straipa vilivyosababishwa na binadamu mwaka huo, asilimia 48 vilitokana na samaki walioachiwa na wavuvi wa burudani. Asilimia 42 walichukuliwa na wavuvi hao hao kuwa kitoweo. Wavuvi wa biashara, ambao ndio hulaumiwa kwanza kila samaki wanapoadimika, walikuwa na asilimia 10 tu, ikijumlishwa na wale waliotupwa baharini kutoka nyavuni.

Hesabu hiyo ndiyo kiini cha mhadhara huu. Haikusudiwi kusema kwamba kumrudisha samaki mkubwa majini ni kosa, kwa kuwa itaonekana hapa chini kwamba hakuna samaki anayestahili kurudishwa kuliko jike mkubwa. Inachoonyesha ni kwamba kuachia ni aina mojawapo ya kuvua. Kuna vifo vyake, vifo hivyo hupimika, na mtu anaweza kuvipunguza kwa mikono yake mwenyewe na kwa kuangalia kalenda.

Samaki wa maili tatu

Straipa, ambaye wanasayansi humwita Morone saxatilis, ni samaki wa fedha mwenye mistari saba au minane myeusi inayokimbia ubavuni kutoka kichwani hadi mkiani. Hupatikana kuanzia mto St. Lawrence nchini Kanada hadi kaskazini mwa Florida. Huishi baharini, lakini kila majira ya machipuko hupanda mito kwenda kutaga katika maji baridi yasiyo na chumvi. Mito ya ghuba ya Chesapeake, katika majimbo ya Maryland na Virginia, ndiyo kitalu chake kikuu. Baada yake huja mito ya Hudson na Delaware.

Si samaki wa kilindini. Hukaa kwenye miamba, midomo ya mito, mikondo ya ghuba na mawimbi yanayovunjikia mchangani, mahali ambapo mtu aliyesimama ufukweni na fimbo ya kuvulia anaweza kumfikia. Sheria nayo imemfunga hapo hapo. Tangu mwaka 1990 ni marufuku kuvua straipa katika maji ya shirikisho, yaani kuanzia maili 3 za bahari hadi maili 200. Uvuvi wote halali wa samaki huyu hufanyika ndani ya maili hizo tatu za kwanza.

Wamarekani wamekuwa wakimtungia sheria kabla hata ya kuwa taifa. Mwaka 1639 koloni la Massachusetts Bay lilikataza straipa kutumiwa kuwa mbolea mashambani. Mwaka 1670 koloni jirani la Plymouth liliamua kwamba mapato ya uvuvi wa Cape Cod, straipa wakiwemo, yagharimie shule ya watoto. Walikuwa wengi na wakubwa. Huko Edenton, North Carolina, mwaka 1891 nyavu zilileta ufukweni straipa wenye uzito wa kilo 56 hivi. Rekodi ya dunia ya leo kwa fimbo na mshipi, iliyowekwa Connecticut mwezi Agosti 2011, ni kilo 37.

Uwezo wake wa kuzaana ulijidhihirisha upande wa pili wa bara. Mwaka 1879 straipa wadogo 132 kutoka mto mmoja wa New Jersey walipakiwa kwenye treni, wakavushwa Marekani nzima na kumwagwa katika maji ya ghuba ya San Francisco, ambako samaki huyu hakuwahi kuwapo. Miaka mitatu baadaye waliongezwa wengine kama 300. Kufikia 1899 wavuvi wa California walikuwa wakipeleka sokoni zaidi ya tani 500 za straipa kwa mwaka.

Samaki wa namna hiyo humfanya mtu afikiri hawezi kwisha.

Miaka mitano ya kufunga

Mwaka 1973 wavuvi wa biashara wa pwani ya Atlantiki walitua karibu tani 6,800 za straipa. Mwaka 1983 walitua kama tani 1,600. Katika miaka kumi robo tatu ya mavuno ilikuwa imeyeyuka. Chanzo kikubwa kilikuwa uvuvi uliopindukia, uliowakamata samaki wadogo kabla hawajataga hata mara moja.

Mwaka 1984 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kumhifadhi straipa wa Atlantiki. Sheria hiyo iliipa meno Tume ya Uvuvi wa Baharini ya Majimbo ya Atlantiki, chombo kilichokuwapo tangu 1942 lakini kilichokuwa kikitoa ushauri tu. Kuanzia hapo, jimbo lililokaidi mpango wa Tume lingeweza kufungiwa uvuvi na serikali kuu. Maryland haikusubiri kulazimishwa. Ilifunga uvuvi wote wa straipa tarehe 1 Januari 1985, wa biashara na wa burudani pamoja, na mlango haukufunguliwa hadi 1990.

Lengo lilikuwa moja na lilieleweka kwa kila mtu: majike waliozaliwa mwaka 1982 waachwe mpaka wapate kutaga. Ili kujua kama mpango unafaulu, Maryland ilitegemea kazi ambayo maofisa wake wameifanya kila kiangazi tangu 1954. Hukokota juya dogo kwenye kingo za mito ile ile, kwenye vituo vile vile, na kuhesabu watoto wa straipa waliozaliwa mwaka huo. Wastani wa samaki kwa kila mkokoto huwa ndiyo alama ya mwaka. Mwaka 1989 alama ilipanda hadi kupita 25, na uvuvi ukaruhusiwa tena kwa masharti makali. Mwaka 1995 Tume ilitangaza kwamba straipa amerejea.

Katika miaka hiyo ndipo desturi ya kuachia ilipokita mizizi. Kizazi cha wavuvi kilichokulia katika marufuku kilijifunza kufurahia mvutano wa mshipi bila kubeba samaki. Vipimo vya chini vilikuwa vikubwa, idadi iliyoruhusiwa kwa siku ilikuwa ndogo, na magazeti ya uvuvi yalisifu picha ya samaki akirudishwa majini. Taratibu ikajengeka imani kwamba anayeachia hana mchango wowote katika vifo vya samaki, kwamba vifo ni vya wenye nyavu na wenye majokofu.

Asilimia tisa

Mwaka 1996 watafiti Paul Diodati na Anne Richards walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya katika bwawa la maji ya chumvi huko Massachusetts. Straipa walivuliwa kwa fimbo, wakaachiwa ndani ya bwawa na kufuatiliwa. Kwa wastani, tisa katika kila mia walikufa. Ndiyo asilimia 9 ambayo Tume imekuwa ikiitumia kukadiria vifo vya samaki walioachiwa, na ukiizidisha kwa milioni 38 unapata milioni 3.4 za mwaka 2017.

Lakini wastani huo unaficha jambo muhimu zaidi. Kulingana na mazingira ya kukamatwa, makadirio ya watafiti hao yalianzia vifo 3 hadi 26 kwa kila samaki mia. Tofauti hiyo haikuletwa na bahati. Ilitegemea ndoana ilinasa wapi, ilikuwa ndoana ya aina gani, na mvuvi alikuwa mzoefu au mgeni wa kazi. Kwa hiyo wavuvi wawili wanaweza kuachia straipa mia mia, mmoja akaua watatu na mwenzake akaua ishirini na sita, na usiku huo wote wawili wakalala na dhamiri safi.

Tuanze na ndoana. Ndoana ya kawaida ina umbo la herufi J, ncha yake ikitazama juu sambamba na shina. Samaki akiimeza pamoja na kipande cha chambo, na mvuvi akavuta kwa ghafla, ncha hukamata nyama yoyote inayokutana nayo: koo, matamvua, au ukuta wa tumbo. Samaki aliyenasa hapo hutoka damu, na kumchokonoa ili kuitoa ndoana humwongezea jeraha.

Ndoana ya duara ncha yake imekunjwa kuelekea ndani, karibu igusane na shina. Ikimezwa, haina cha kukamata kooni. Samaki akiondoka na mshipi ukikazika polepole, ndoana huteleza kurudi nyuma kupitia kinywani, na ikifika pembeni mwa taya hugeuka na kunasa hapo. Mvuvi anatakiwa ajizuie jambo moja ambalo mikono yake imelizoea, yaani kuvuta kwa nguvu pindi anapohisi samaki amekula. Akivuta hivyo, faida yote hupotea. Anachotakiwa ni kuanza kukunja mshipi taratibu. Kuanzia mwaka 2021 majimbo yanayofuata mpango wa Tume yaliwataka wavuvi wa burudani wanaotumia chambo halisi kwa straipa watumie ndoana za duara. Kisha ikapigwa marufuku kuwatia straipa kulabu, kwa sababu samaki aliyetobolewa ubavu kisha akagundulika amezidi kipimo hana faida tena kwa mtu yeyote.

Baada ya ndoana huja hewa. Straipa mkubwa aliyepigana na mshipi kwa dakika kumi amekusanya asidi katika misuli yake na anahitaji oksijeni kuliko wakati wowote. Ni kama mtu aliyetoka kukimbia mbio ndefu kisha akazibwa pua na mdomo. Matamvua yaliyo laini, yanayoelea vizuri majini, hulala na kushikamana yakitolewa nje. Kila sekunde ya kupiga picha hutolewa katika akiba hiyo. Samaki wa kilo 15 akininginizwa wima kwa taya, uzito wa matumbo yake yote huvuta taya na uti wa mgongo ambavyo havikuumbwa kubeba mzigo hivyo. Anayejua kazi humwacha samaki majini huku akitoa ndoana kwa koleo. Akilazimika kumwinua, hulowesha mikono kwanza ili asiung'oe ute unaolinda magamba, huweka mkono mmoja chini ya tumbo, na humrudisha kabla maji hayajakauka mwilini mwake. Kisha humshika mkia, kichwa kikitazama mkondo, na kumsubiri mpaka ajikwamue kwa nguvu zake mwenyewe.

Joto lisilosamehe

Kuna mahali na wakati ambapo ustadi wote huo hautoshi. Kiangazi katika Chesapeake maji ya juu hupata joto kali, na maji ya chini, yaliyo na ubaridi, hupungukiwa oksijeni kwa sababu ya mbolea na taka zinazotiririka kutoka mashambani na mijini. Straipa hubanwa katikati, kwenye tabaka jembamba ambalo si moto sana wala halijakosa hewa. Kumvuta samaki wa namna hiyo kupitia maji ya moto hadi kwenye jua la Julai ni kumwua, hata kama ndoana imenasa vizuri pembeni mwa taya.

Maryland ikaanzisha utaratibu wa bendera za rangi tatu, zinazotangazwa kulingana na utabiri wa hali ya hewa. Kijani ina maana vueni kwa uangalifu wa kawaida. Njano ina maana zidisheni uangalifu. Nyekundu hutolewa joto linapotabiriwa kufika nyuzi 35, na wavuvi huombwa wasimtafute straipa baada ya saa nne asubuhi. Aidha, kuanzia 2021, nusu ya pili ya mwezi Julai ilifungwa kabisa katika maji ya ghuba ya jimbo hilo. Haikuruhusiwa kumlenga straipa hata kwa nia ya kumwachia. Wapo walionung'unika kwamba wananyimwa burudani isiyomdhuru mtu. Bwawa la Massachusetts lilikuwa limekwisha kuwajibu.

Kwa nini mkubwa

Jike wa straipa hukawia kupevuka. Wengi hutaga kwa mara ya kwanza wakiwa na umri kati ya miaka 4 na 8. Jike wa miaka 6 hutaga mayai kama nusu milioni. Jike wa miaka 15 hufikia milioni 3, na samaki huyu anaweza kuishi miaka 30. Mito nayo haina uhakika: mwaka mmoja baridi na mvua huja kwa wakati wake na watoto hujaa, kisha hufuata miaka kadhaa mibovu. Maryland ilipata alama ya 59 mwaka 1996, na alama ya 0.9 mwaka 2012. Mwaka 2023 ilikuwa 1.0. Jike mkubwa anayeishi muda mrefu ndiye anayeivusha jamii yake katika miaka mibovu, kwa kuwa atakuwepo mwaka mzuri ukirudi.

Ndiyo maana kanuni za sasa zina kipimo cha chini na kipimo cha juu. Mwaka 2020 baharini iliruhusiwa kuchukua straipa mmoja kwa siku, mwenye urefu wa sentimita 71 hadi 89. Aliyezidi hapo lazima arudi majini. Kanuni hii iliwakinga wazee, lakini iliuelekeza msukumo wote kwa wale waliokuwa ndani ya kipimo. Mwaka 2022 samaki wengi waliozaliwa 2015, mmoja wa miaka michache iliyokuwa mizuri, walikua wakaingia ndani ya vipimo hivyo, na mavuno ya wavuvi wa burudani yakakaribia kuwa mara mbili ya mwaka uliotangulia. Mei 2023 Tume ilichukua hatua ya dharura na kushusha kipimo cha juu hadi sentimita 79.

Ikumbukwe kanuni hiyo inategemea nini. Kila straipa aliyezidi kipimo, wakiwemo majike wa mayai milioni mbili au tatu, akivuliwa lazima aachiwe. Sheria inafikia pale anapoondoka mkononi. Kama ataishi au atakufa baada ya hapo, hilo liko mikononi mwa mvuvi aliyemshika.

Hata tamaa ya rekodi imeanza kutafutiwa njia. Kwa miaka mingi aliyetaka jina lake liandikwe alilazimika kumpima samaki kwa mizani iliyothibitishwa nchi kavu, na hiyo ilikuwa hukumu ya kifo. Mwaka 2011 chama cha kimataifa kinachotunza rekodi hizo, IGFA, kilianzisha rekodi za urefu, ambapo samaki hupimwa juu ya rula rasmi, hupigwa picha na kurudishwa akiwa hai. Mashindano maarufu ya kisiwa cha Martha's Vineyard, yaliyoanza 1946, mwaka 2020 yalimwondoa kabisa straipa katika orodha ya samaki wanaoshindaniwa.

Kutoka Chesapeake hadi Watamu

Pwani ya Afrika Mashariki haina straipa, lakini desturi ya kuachia imekuwapo kwa zaidi ya miongo mitatu. African Billfish Foundation, shirika lililoanzishwa Watamu mwaka 1990, limewazoesha manahodha wa boti za kitalii za Kenya kumtia sulisuli kitambulisho cha plastiki na kumwachia, badala ya kumpandisha gatini atundikwe. Vitambulisho vinavyopatikana tena huonyesha samaki hao wanakwenda wapi na wanakua kwa kasi gani. Karibu zaidi na ufukwe, kwenye miamba, watalii huja kumtafuta kolekole mkubwa kwa fimbo, na wengi humrudisha.

Somo la straipa linawahusu watu hawa. Halimhusu kwa namna ile ile mvuvi wa ngalawa anayetafuta kitoweo na ada ya shule, ambaye kolekole wa kilo 20 kwake ni mapato ya siku nyingi. Kumhubiria mtu huyo aachie samaki ilhali boti ya starehe inawachosha kolekole kumi juani kwa ajili ya picha ni kukosa haya.

Lipo pia jambo ambalo straipa hawezi kulifundisha. Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, na baadhi hugeuka madume wanapokuwa wakubwa. Kuwaondoa wale wakubwa kabisa ni kuwaacha majike bila madume wa kutosha. Lakini chewa aliyevutwa kutoka kilindini hupanda akiwa amevimba, kwa kuwa hewa iliyomo katika kibofu chake hutanuka, mara nyingine hadi tumbo likatokeza mdomoni. Akitupwa majini hivyo, huelea juu na kuwa chakula cha ndege. Anayelitoboa tumbo hilo akidhani anatoa hewa humwongezea kidonda, kwa sababu hewa haimo humo. Kinachofaa ni kumshusha kwa mshipi wenye chubwi zito mpaka kina cha maji kiibane hewa tena. Asiye na chubwi hilo na asiyetaka kumla chewa heri avue mahali pengine.

Kwa hiyo ombi la mhadhara huu kwa wenye boti, kwa hoteli zinazouza safari za uvuvi, na kwa maofisa wanaotoa leseni ni hili. Daftari la boti liandike samaki walioachiwa sawasawa na waliochukuliwa, kwa jina, kwa urefu, na kwa mahali ndoana iliponasa. Ndoana za duara ziwe sharti popote panapotumika chambo halisi. Mgeni aelezwe kabla ya kupanda chomboni kwamba picha itapigwa samaki akiwa majini. Na boti ikishaachia samaki wengi kwa siku moja, nahodha akunje mishipi arudi, maana baadhi ya walioachiwa wamekwisha kufa na ni sehemu ya mavuno yake.